Aya ya Nne

Swali lilikuwa mstari mmoja ubaoni:
"Milingoti ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Jadili."
Mwalimu Luvanda akapangusa chaki kwenye koti,
akasema: vyanzo visipungue vitano, Jumatatu mezani.
Vyanzo juu ya vyanzo. Nilicheka peke yangu
hadi njia panda ya Uwemba, ukungu ukinifuata.

Usiku nikavitandaza jikoni, sakafuni,
kila karatasi nikaikandamiza kwa kiazi:
takwimu za ofisi ya maji, kivuli cha kivuli,
nane na tatu zimeshakuwa mapacha;
kijitabu cha misitu, chenye mtoto anayeuchekea mche;
kipande cha gazeti kilichowahi kufunga maandazi,
mafuta yamekula jina la mwandishi;
na daftari langu, upande huu Bibi Semgaya,
upande wa pili Kilasi mwenye mashine ya mbao.

Bibi: "Kinyungu changu kilikuwa kinanimeza hadi magotini.
Leo nakifagia."
Kilasi: "Mti husingiziwa kwa sababu hausemi.
Nani alilima hadi kwenye kope za chemchemi?
Nani alichoma matete? Andika na hilo, binti."
Nikaandika na hilo.

Rasimu ya kwanza ilikuwa foleni ya bomba:
Bibi anasema, kisha Kilasi anasema, kisha gazeti linasema,
kila mmoja na ndoo yake,
hakuna anayemtazama mwenzake.
Nikaikunja. Ikawasha moto vizuri.

Rasimu ya pili, nikamvuta Bibi karibu na takwimu.
Kumbe walikuwa wakisema jambo moja:
mwaka alioacha kupanda maboga
ndio mwaka mstari wa maji unainama kwenye jedwali.
Lakini matete nayo yalichomwa mwaka uleule.
Nikafuta "bila shaka". Nikafuta "kila mtu anajua".
Neno "hata hivyo" nililiweka, nikalitoa, nikalirudisha,
kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli la jirani.

Saa sita, wino ukakauka.
Nikafungua kopo la biskuti la baba, kutafuta kalamu.
Ndani: mbegu za njegere, picha ya mama, sindano ya magunia,
na stakabadhi:
"Nguzo za mlingoti, thelathini na mbili. Zimelipwa."
Tarehe ni ya wiki ileile niliyopokelewa Fomu Faivu,
godoro jipya kichwani.

Nikaikunja. Nikafunika kopo.
Vyanzo vitano vinatosha; nani angejua?
Mabati yalikuwa yakijikunyata kwa sakitu,
ta, ta,
kama mtu anayehesabu sarafu gizani.

Nikafunua kopo.

Aya ya nne nikaianza upya:
"Wapo wanaoitetea miti hii, na wana sababu.
Mkono unaoandika hoja hii umelipiwa ada na miti hiyohiyo."
Ilinichukua nusu ukurasa kutoka pale
hadi kusema ing'olewe, tena si yote,
ile tu iliyoliinamia jicho la maji.

Alfajiri baba akaja kuota moto.
"Nisomee."
Nikasoma. Kwenye aya ya nne
akawa anasukuma kiazi kwa kidole cha mguu,
huku, huku.
"Ile ya chini kabisa, mdomoni mwa maji," akasema,
"nilikuwa nimemwekea mdogo wako."
Kisha akachukua ndoo, akaenda kukamua.

Hitimisho langu lina mistari minne.
Hakuna hata mmoja uliomjibu.

Ijumaa insha ikarudi, sitini na nane kwa mia,
ukurasa wa pili una duara la udongo wa kiazi,
na pembeni, kwa wino mwekundu:
"Chanzo cha sita: mwandishi ni nani?"
Nikaikumbuka ile stakabadhi, chini kabisa,
mahali pa saini: dole gumba,
la zambarau, limekandamizwa kwa nguvu,
kama mtu aliyetaka karatasi imkumbuke.