Andika Kwanza, Ndipo Umimine

Mwalimu Ruhwanya hakuruhusu mtu kushika neli
kabla hajaandika.
"Anayetabiri mvua akiwa ameshalowa
huyo si mtabiri, ni mpiga soga."

Tulikuwa thelathini na tisa, neli kumi na moja,
na kichupa kimoja cha naitreti ya fedha
alichokivika soksi nyeusi ya mwanawe
kwa kuwa fedha, alisema, ikipigwa na jua hununa.

Sheria nilizifunga kwa mizani, nizibebe
toka kituo cha reli cha Uvinza hadi darasani:

    Naitreti huyeyuka, zote bila wasiwasi,
    Kloraidi zayeyuka, ila fedha na risasi,
    Salfeti nazo hushuka, bariamu na risasi,
    Kaboneti hudondoka, ila za magadi basi.

Alisoma, akacheka puani.
"Risasi umeirudia. Kina kimechoka."
Akafikiri. "Lakini iache.
Risasi yenyewe ni mkaidi mara mbili."
Na pembeni, kwa wino mwekundu:
*Potasiamu je? Na amonia umemwachia nani?*

Chumvi mbili zikikutana majini
kila moja huuachia mkono iliokuja nao.
Ama hushikwa mkono usioachika,
wakazama wawili, mashapo meupe chini ya neli,
ama wote huendelea kuogelea
na maji hubaki kama hayakuambiwa kitu.
Hilo nalo ni jibu. Melkiori aliliachia nafasi tupu
akakatwa alama mbili:
"Tupu si sawa na *hakuna badiliko*."

Ijumaa nikaja na chupa ya maji ya kisima cha chumvi,
Baba alikuwa mchemshaji kule kiwandani.
Swali: yachanganywe na magadi.
Sikusita. Sodiamu huku, sodiamu kule,
wataachana wapi, watashikana na nani?
Niliandika: *Yatabaki maangavu.*
Nikamimina.

Ukungu.
Kama maji yaliyooshewa mchele,
kisha polepole, weupe ukaketi
unene wa ukucha.

Mkono wangu ulikwishafika kwenye kifutio.
"Usifute," alisema. "Umeitabiri chumvi, na uko sahihi.
Uvinza hukuitabiri."

Usiku nikamsimulia Baba. Hakuacha kumega ugali.
"Kumbe hiyo? Hiyo ndiyo hutangulia kushuka karaini
chumvi yenyewe haijawaza kuganda.
Tunaikwangua, tunaitupa nyuma ya tanuri.
Mwaka wa kumi na saba huu naitupa."

"Ina jina," nikasema. "Ndani yake mna kalsiamu."

Akalionja lile neno, taratibu,
kama mtu anayekagua mboga kama imekolea.
"Kalsiamu."
Akatikisa kichwa, akarudi kwenye dagaa wake.

Mizani nne, nikahesabu chini ya meza kwa vidole.
Mbele yake ningehitaji nne nyingine.
Nilikesha nazitafuta, na kina chake pia.
Hadi treni ya alfajiri inapita
ukurasa ulikuwa mweupe,
na nilijua siwezi kuandika *hakuna badiliko*.