Kikombe cha Pili

Juni, Katsunuma. Mizabibu imetandazwa juu ya vichwa vyetu
kama dari ya nyumba ya watu wafupi,
na mama yangu, Fusae, mwenye miaka sabini na mmoja,
anatembea chini yake bila kuinama.
Mimi nainama.

Kikombe ni cha plastiki, kirefu kama koo.
Ndani mna maji yenye jiberelini na rangi nyekundu kidogo,
rangi ya kukumbusha tu: hiki tumekichovya, hiki bado.
Unakiinua mpaka kishada kizame chote,
unahesabu moja, mbili,
unakitikisa, tone lisigande likaacha kovu.
Halafu kingine.
Vishada elfu tatu na mia nne. Mvua ikinyesha kabla ya jioni,
tunaanza upya.

Kikombe cha kwanza, wakati wa maua, huifuta mbegu.
Cha pili, baada ya wiki mbili, huiambia punje: panuka.
Amri hiyo zamani ilikuwa ya mbegu yenyewe,
ilikaa katikati ikiagiza maji na sukari
kama mimba inavyomtuma mama jikoni usiku wa manane.
Sasa tumemtoa mtoto, tumeiga sauti yake.

Babu alilima mpunga. Aliijua dawa hii kabla haijawa dawa:
ilikuwa ugonjwa, ukungu wa shambani,
mche unarefuka kuwapita wenzake, mweupe, mwembamba,
kisha unalala chini bila hata punje moja.
Wakauita mche mpumbavu.
Aliung'oa kwa hasira, akautupa njiani.
Leo upumbavu ule ule tunaununua kwa gramu.

"Usizidishe," mama anasema. "Ukizidisha
utapata mpira, si tunda."
Maana sukari ni ya majani, na majani hayaongezeki kwa kuchovya.
Ukipanua nyumba bila kuongeza unga,
wageni watakaa kwa nafasi, na njaa.
Kwa hiyo anakata. Kila vishada vitatu, viwili chini.
Mvumilivu hula mbivu,
ila mnunuzi wa Tokyo hula kwanza kwa macho.

Septemba. Kipima-sukari cha baba,
kioo chake kina ufa mwembamba kama unywele.
Tone moja, jicho moja, kuelekea jua:
kumi na nane. Inatosha kuuza.

Halafu mama ananipeleka mwisho wa safu,
penye kishada ambacho hakikuchovywa. Hakusahau.
Punje chache, zimeachana kama meno ya uzeeni,
moja kubwa, tatu kama pilipili manga.
Ishirini na mbili.
"Baba yako alipenda kutema," anasema.

Kesho ni siku yake. Tunakiweka mbele ya picha,
na kingine, kinono, kwa ajili ya majirani watakaokuja kutazama.
Mimi nimeiba punje moja.
Mbegu mbili zimebaki ulimini, ngumu, chungu kidogo,
natembea nazo hadi langoni,
sijui pa kuzitemea.