Chuya

Ililetwa kutoka Ahero juu ya bodaboda,
imefungwa kwa leso kama mtoto anayepelekwa kliniki,
na aliyeipakata, Bwana Odindo,
karani wa chama cha wakulima wa mpunga,
akaiweka mezani kwangu, chini ya ngazi, hapa Kibuye,
akasema: Imezimia.

Nikaiwasha. Feni ikakohoa,
ikatema kapi za mpunga, mbili, tatu,
kisha kioo kikawa cheusi na mstari mmoja mweupe:
faili za kuanzishia hazipatikani.
Hapo ikakoma. Kishale kikapepesa,
kikapepesa,
kama mtu aliyesimama mlangoni
akijua ana safari, asijue ni ya wapi.

Uliifanya nini?
Sikuifanya kitu.
Miaka tisa nafungua kompyuta za watu
na hakuna hata moja iliyowahi kufanywa kitu.

Nikachomeka flashi yangu nyekundu,
ile niliyoifunga uzi isipotee mfukoni.
Mashine ikaazima akili ya flashi, ikaamka nusu,
mgonjwa anayenyweshwa uji kwa mkono wa mwingine.
Diski ilikuwa nzima. Nikamwonyesha:
wakulima mia mbili na kumi na wawili,
magunia, uzani, unyevu, madeni ya mbolea,
Mama Atoti na kilo zake zote hadi nusu.
Odindo akashika kichwa. Kumbe wamo!
Wamo wote, nikamwambia.
Kinachokosekana ni kile cha kuwaita.

Ndipo akalegea.
Ijumaa ni malipo, akasema,
na nafasi ilikuwa imejaa,
picha za harusi ya binti yangu zikakataa kuingia.
Nikaona kisehemu kidogo kimejificha,
hakina picha, hakina barua,
majina yake kama matusi ya lugha ngeni.
Nilifagia tu, fundi.
Mimi ni mtu msafi.

Nikaandika amri ya kwanza. Ikakataa.
Ya pili ikaniuliza kama nina hakika.
Nani ana hakika saa kumi na mbili jioni,
mshona viatu jirani keshaanza kufunga?
Nikajibu ndiyo.
Asilimia thelathini. Arobaini na moja.
Stima ikapotea Kibuye nzima.

Betri yake ilikufa tangu mafuriko.
Tukakaa gizani tukisikiliza jenereta za wenzetu zikivutwa kamba,
moja ikishika, nyingine ikisusa,
na Odindo, kwa sauti ya chini,
akaanza kuhesabu anaowakumbuka bila mashine:
Abuya, magunia kumi na manne.
Nyar Kano, sita.
Ragot... hapana, Ragot alikopa.
Akafika watu kumi na tisa, akanyamaza.

Stima ikarudi saa mbili kasorobo.
Nikaanza tena kutoka sifuri.
Ikaniuliza tena kama nina hakika,
nikajibu ndiyo, safari hii polepole.
Saa tatu vitone vikazunguka duara lake,
na bibi harusi akatokea kwenye kioo,
gauni limefunikwa na safu ya aikoni.
Huyo ndiye, akasema Odindo,
kana kwamba ningemdhania mwingine.

Alinilipa mia nane na kilo mbili za mchele.
Akifunga leso akauliza:
hicho kilichopotea, kilikuwa na ukubwa gani?
Nikamwonyesha ncha ya ukucha wa kidole cha mwisho.
Akacheka kama mtu aliyepunjwa.

Usiku nikamwaga mchele kwenye sinia,
nikachambua nilivyofunzwa nyumbani:
jiwe huku, chuya huku.
Mweupe wote ule, safi, umekobolewa,
hautaota tena
hata ukiufukia kwenye tope la Ahero mwaka mzima.
Chuya moja, bado na ganda lake la kahawia,
ilininata kidoleni.
Nikakaa nayo,
sijui niitupe wapi.