Beseni la Njano

Jumapili hapa El Alto hatuna pesa ya mambo makubwa.
Tuna sarafu sita: tatu za gari la waya,
tatu za uji wa mahindi ya zambarau.
Kurudi ni kwa miguu, miguu hailipiwi.

Yerko ameshika tiketi kwa meno
maana mikono yake yote imeshapata kazi:
mmoja umeshika suruali isiyo na mkanda,
mwingine umemshika mdogo wake, Wara,
naye Wara ameshika mkate,
na mkate haumshiki mtu.

Mlango unajifunga kama mtu aliyenuna.
Bibi mmoja mwenye kofia ya duara
anasogeza gunia lake la vitunguu. "Kaa hapa, mama,"
na Wara, miaka mitatu, anakaa kama hakimu.

Kisha ardhi inatuachia.

Tumbo langu, nakiri, limebaki kituoni.
Mimi ni mwashi, ngazi nazijua,
lakini ngazi ina mguu chini. Hiki kibanda hakina.
Natazama viatu vyangu.
Wanangu wanatazama dunia.

"Mbwa!" Ndio mchezo wetu,
mbwa wa juu ya mapaa.
Wa kwanza amelala kando ya tangi la maji.
Wa pili anakifukuza kivuli chetu hadi ukingoni,
anasimama ghafla, anajifanya hakukusudia.
Wa tatu, "Lile ni gunia," nasema.
"Mbwa," anasema Wara.
"Gunia."
"Mbwa amevaa gunia."
Bibi wa vitunguu anainama, anakaza macho,
anakata shauri: mbwa.

Zinapita kamba za nguo, soksi zisizo na wenzake,
mtu anapaka mlango wake rangi ya kijani
na hajui kwamba leo yeye ni sinema.
Kule mbali mlima Illimani umekaa na theluji yake,
hauna haraka na mtu.

"Sasa soko. Kaeni tayari!"
Maturubai ya buluu, buluu, buluu,
kana kwamba mtu kamwaga bahari
katika nchi isiyo na bahari.
Chini ya mojawapo yumo Delfina, mama yao,
na zipu zake na vifungo vyake, tangu saa kumi alfajiri.
Tulipatana jana usiku tukimenya viazi:
nitaweka beseni la njano juu ya turubai,
mkiliona, punga mikono.

"Lile!" Yerko anapiga kioo.
Tone la njano. Kando yake mkono,
mdogo kama wa sisimizi, unapunga.
Tunapunga sote, hata bibi,
asiyemjua Delfina kwa sura wala kwa jina.

Wara yuko chini ya kiti, anatafuta mkate.
Anapoinuka, soko limeshapita.

Halii mara moja. Kwanza anakunja mdomo,
anakusanya pumzi kama ndoo bombani,
halafu kilio kinajaa kibanda kizima
na tunashuka nacho kituoni, mzigo wa nne.

Muuza uji yupo pale pale, mvuke unamficha uso.
Yerko anautazama mvuke. Ananitazama mimi.
"Turudi kwa gari, baba. Mimi sina njaa sana."
Tumbo lake linanguruma. Tunalisikia sote,
hakuna anayesema neno.

Safari hii namnyanyua Wara mpaka paji linagusa kioo.
Beseni lipo. Delfina hatutarajii,
ametupa mgongo, anampimia mteja zipu.
Nataka kumwambia Wara, yule pale, yule mwenye shali,
lakini Wara ameshaanza kupunga,
anapungia beseni, anaongea nalo kwa utulivu:
"Mama, mkate ulianguka lakini nimeupata."

Jioni Delfina anaingia, beseni mgongoni,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi.
Yerko anamtolea hesabu: mbwa kumi na saba,
ukihesabu na gunia.
"Na wewe, Wara, uliniona?"
"Nilikuona," anasema Wara, mdomo umejaa kiazi.
"Ulikuwa wa njano."