Tindo ya Baba

Baba yangu Ombima hakusoma hata Kimaragoli,
lakini alichonga Kiebrania miaka thelathini na mmoja
nyuma ya stesheni ya Nakuru, chini ya mabati
yaliyoliwa na vumbi la magadi.
Alianza kulia akaenda kushoto,
kama mtu anayerudi nyumbani kinyumenyume.
Hakuchimba herufi. Alichimba jiwe lililoizunguka
mpaka herufi ikabaki imesimama peke yake.

Alizipa majina yake mwenyewe.
Hii jembe. Hii ndoano. Hii nyumba
iliyoachwa wazi upande mmoja,
na ile ndefu inayochungulia juu ya mstari aliiita heroe.
Siku hizo ziwa lilikuwa la waridi hadi ukingoni.
Maji yalipopanda heroe walihamia Bogoria.
Wa kwake wamebaki makaburini.

Aliyemfundisha ni Bwana Gumpert,
wakili huko Breslau, hapa mpima pareto,
aliyeshuka garimoshi mwaka wa thelathini na tisa
na masanduku mawili, mke aitwaye Recha,
na koti la manyoya lisilo na kazi ila Julai.
Ijumaa magharibi hakuwasha taa.
Wala hakuruhusiwa kuagiza. Basi alisema tu,
"Ombima, naona kuna giza."
"Kweli, Bwana, giza lipo," baba akajibu,
akawasha.

Siku moja, wakinywa chai, Gumpert akasimulia
jinsi wakubwa wa London walivyotaka kuwapa Wayahudi
uwanda wa Uasin Gishu. Wakaja watu watatu kuutazama,
wakarudi, mambo yakafa.
"Wanandi waliulizwa?" baba akauliza.
Gumpert alikoroga chai isiyo na sukari.
"Hapana. Sahani ya jirani ni rahisi kugawa."

Recha alikufa mwaka wa mafuriko, sitini na moja.
Kwa ile sala walihitajika wanaume kumi.
Kwao ni mwiko kuhesabu watu kwa namba
(kwetu pia; bibi angekuchapa ukihesabu watoto wake),
basi walitumia aya, neno moja kwa kila kichwa,
na neno la kumi likakosa kichwa.
Baba alikuwa pale na koleo.
Sala aliijua kwa sikio, mwanzo hadi mwisho.
Wakangoja garimoshi la Kisumu. Likachelewa saa nne.
Akashuka mchuuzi wa vipuri, matope hadi magotini,
ndipo wakaanza.

Sasa mawe nayachonga mimi, Kageha.
Wiki jana alinipigia mwanamke wa Haifa,
mjukuu wa kaka yake Recha. Nikamtumia picha.
Akanyamaza. Kisha: herufi ya mwisho imefungwa,
ile ya tano katika tano zinazofunga kila jiwe,
zinazoomba roho ifungwe pamoja na walio hai.
Inatakiwa pengo, juu, kushoto.
Bila pengo ni herufi nyingine.

Nimeyapitia mawe yote kumi na saba.
Kila moja lina pengo, jembamba kama ukucha.
La Recha tu.
Labda mvua ilimwingia machoni. Labda alichoka.
Labda alisimama tena pale na koleo lake,
neno la kumi likining'inia, naye yupo.
Haya sikumwambia mwanamke wa Haifa.
Nilimtajia bei, akapunguza, tukaelewana.

Nilipiga tindo mara moja.
Kipande kikaruka, kidogo kama punje ya mtama.
Nilikitafuta majanini kwa magoti, nikakipata.
Wao huweka mawe kaburini, si maua.
Hiki sikukiweka. Kipo mfukoni mwa aproni,
Desemba kitafika Vihiga, juu ya saruji ya baba.

Langoni ni lazima kunawa mikono.
Bomba limekauka tangu mwaka jana.
Nikanawa kwa chai iliyobaki chupani,
baridi, haina sukari.