Vumbi la Tapac

Lomuria, lete beseni, lile lililopasuka ukingo.
Na mafuta ya taa, nusu kopo. Petroli weka mbali:
petroli hula gundi, sponji likaachana viungo
kama ndoa ya haraka.

Kiti kinashikwa na boliti mbili.
Hii ya kushoto imekwisha meno, ibembeleze.
Haya. Hapa ndipo pikipiki inapovutia pumzi,
gizani, chini ya makalio ya mtumishi wa serikali.
Ukishatoa sponji, ziba koo kwa kitambaa safi.
Punje moja ya mchanga ikipita hapo
pistoni italia kilio
ambacho mshahara wako hauwezi kukinyamazisha.

Sasa tazama.
Daftari la safari, ukurasa wa mwisho,
mwandiko wa Daktari Aleper:
*Kotido. Chanjo ya ng'ombe. Siku tatu.*
Muhuri upo. Sahihi ipo, ina mkia mrefu.
Na sponji hili hapa, lisilosoma shule:
juu vumbi jekundu, la hapa Moroto, letu sote;
chini yake, pitisha kidole,
jeupe.
Jeupe kama unga wa muhogo.
Njia ya Kotido haina weupe huu.
Huu ni wa Tapac, wa machimboni,
kule akina mama wanakogonga mawe kwa nyundo
tangu alfajiri, watoto mgongoni wakipiga chafya.

Usinitazame hivyo.
Mimi fundi, si polisi.

Lizamishe. Kamua.
Kamua nimesema, usisokote!
Si tambara la kudekia hilo.
Libonyeze kama unavyobonyeza mkono wa mgonjwa.
Ona mafuta yanavyogeuka: chai, halafu uji,
halafu kitu kisicho na jina.
Rudia. Kisha sabuni, na maji ya vuguvugu.
Rudia tena.

Miaka kumi na minne navuta vumbi hili bila sponji.
Usiku kifua changu hukereza kama injini ya baridi,
na Nachap, mke wangu, hugeuka upande wangu:
Na wewe tutakufua lini?
Tunacheka.
Kisha hatucheki.

Lianike kivulini, jua hulikausha likawa kaukau.
Ndipo oili, ile nzito, inayonata vidoleni hadi kesho.
Paka, finya, paka, mpaka rangi iwe moja;
doa moja kavu ni mlango.
Ikipungua, vumbi litapita. Ikizidi, pikipiki itakabwa
katikati ya mlima, na mwenyewe atanitukana kwa jina.
Grisi ukingoni. Duara lote, usiruke.

Nini hicho umeokota kisandukuni?
Lete.
Ushanga. Wa buluu, tundu lake limeziba chokaa.
Wa mkono wa mtoto huu. Mtu mzima havai mdogo hivi.

Yale ya beseni mwaga shimoni, nyuma ya matairi.
Mwaga yote.
Haya, daftari limebaki peke yake,
halina wa kulibishia.

Saa kumi Daktari akaja, kofia ya chuma kwapani,
viatu vimepigwa rangi upya.
Akauliza: Lilikuwa chafu sana?
Kawaida, nikasema. Vumbi la Kotido.
Nikampa ufunguo,
na chini ya ufunguo, ushanga.
Akafumba kiganja. Akakaa nacho hivyo,
akiangalia boliti ya kushoto
kana kwamba ndiyo iliyosema.

Kisha teke moja tu, na injini ikaitika,
ikavuta hewa nzima, ndefu, bila kukwama.
Kwenye njiapanda alipunguza mwendo.
Kotido mkono mmoja, Tapac mkono wa pili.
Lori la mawe likapita katikati yetu na yeye,
na lilipokwisha kupita
palibaki vumbi.

Lomuria akanitazama.
Osha beseni, nikamwambia.