Chumba Kisichotaka Chuma

Rourkela ni mji wa chuma. Tanuri halilali;
usiku mbingu ya upande wa kiwanda huwa nyekundu
kama jicho la mtu aliyekesha msibani.
Chuma kimo katika vumbi la dirisha, katika chai,
katika ndevu za walinzi wa lango.
Chumba changu tu ndicho hakitaki chuma.
Vua pete, nawaambia. Vua kipini, mkufu, saa.
Sumaku hii haina adabu, huvuta bila kuuliza.

Phulmani Lakra aliletwa saa nane za usiku,
mwezi wa mvua, ndani ya bajaji iliyofunikwa turubai,
kichwa mapajani mwa mumewe.
Siku nne za homa. Ya tano akaacha kujibu.
Ukimfinya kucha, mkono ulikunjika wenyewe,
polepole, kama jani linalosogezwa motoni.

Alikuwa msituni akichuma majani ya sali,
mti wenye jina la ibada usioomba chochote,
ayashone sahani za kuuza sokoni.
Mchumia juani hulia kivulini.
Hawakusema kivulini kuna nani.

Mkononi, bangili ya chuma ya siku ya ndoa.
Etwa, mumewe, akakataa:
“Ikitoka hii, maana yake mimi nimekufa.”
Sikuwa na la kumjibu.
Dokta Mohanty alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi.
Ndipo Etwa akaomba sabuni.
Akaitoa mwenyewe, kwa povu, akimwomba radhi mke asiyesikia,
akaivika kidole gumba chake hadi alfajiri,
kidole kile kile chenye wino wa fomu yetu ya utafiti.

Dakika kumi na saba mashine ikapiga nyundo.
Ubongo wa mzima una mifereji;
wake ulikuwa umeumuka, umebana fuvu
kama unga wa maandazi uliosahauliwa chunguni.
Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki
kimeivaa nguo yenyewe: kimeingia chembe nyekundu,
kimeitia vifundo, kimegandama
kwenye kuta za vishipa vyembamba kuliko unywele,
na damu nyuma yake imepanga foleni.
Figo nazo zimegoma. Mfuko wa mkojo
una vijiko viwili, rangi ya chai ya mkandaa.

Tunachouliza hapa ni swali la kitoto:
uvimbe huu ni maji yaliyovuja
au ni damu iliyokwama?
Kwenye picha ya kwanza vyote ni weupe.
Namba arobaini na sita alikuwa na picha nzuri kuliko hii.
Hakuiona asubuhi.
Sijui kwa nini. Ndiyo maana tunapiga nyingine.

Siku ya tatu mifereji ilirudi.
Phulmani akafumbua macho, akapapasa kifundo cha mkono,
akalia kabla hajajua yuko wapi.
Etwa akacheka hadi muuguzi akamtoa nje.

Baada ya miezi mitatu wakaja tena.
Nilitakiwa nimwambie ahesabu kutoka ishirini kurudi nyuma.
Alifika kumi na moja, akasimama.
Ni ugonjwa, au hakuna aliyewahi kumwomba
kuhesabu kinyumenyume?
Fomu haina kisanduku cha hilo.
Etwa akasema, kama anayesengenya:
“Siku hizi sahani zake zinavuja mchuzi.”

Akataka kujiona. Nikamfungulia picha katika chumba cha nje.
“Jina langu liko wapi?”
Pembeni paliandikwa 047.
Akaitazama mno. Kisha akagonga kioo kwa bangili,
taratibu, upande wa kushoto, juu ya sikio:
“Hapa. Hapa palikuwa na kitu.”

Nikasogea. Nikakuza picha mara nne.
Palikuwa sawa na pengine pote.